Mtambo wa dijitali ukizimika, fundi yuko wapi?

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumamosi iliyopita.

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu kutoka Iringa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dada yangu si mtu wa simu za alfajiri, kwa hiyo kabla sijapokea nilikwisha kuanza kuwahesabu wagonjwa wetu katika ukoo. Hakukuwa na mgonjwa. Tulisalimiana, akauliza habari za baridi ya Mbeya, nami nikauliza habari za Kihesa, kisha akanyamaza kidogo na kusema: "Kaka, mpwa wako anataka hati ya nyumba."

Nyumba yenyewe ni ile aliyoachiwa na marehemu shemeji yangu. Ina vyumba vinne na banda la uani, na vyumba viwili kati ya hivyo hupangishwa wanafunzi wa chuo, na kodi yao ndiyo dawa na sukari ya dada. Mpwa wangu ana kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Iringa: mashine moja ya ofseti ya rangi moja, mashine ya kukatia karatasi, kompyuta mbili na wafanyakazi watano. Sasa anataka mtambo wa dijitali. Benki imekubali kumkopesha, lakini inataka dhamana. Na dada, ambaye maisha yake yote amesikia kwamba kaka yake ni mpiga chapa, akaona kabla ya kufungua sanduku aniulize swali moja tu: hiyo mashine ni nzuri?

Nilimwomba wiki tatu. Najua wako wengi wanaonisikiliza walio katika hali kama yake, wenye maduka ya uchapaji na stesheneri hapa Mbeya, Iringa, Njombe, Makambako na Songea, ambao wauzaji wa mitambo wanawazungukia wakiwa na vitabu vya picha nzuri. Kwa hiyo nimeona jibu nililompa dada niwape na ninyi.

Kwanza tuelewane juu ya vitu vyenyewe, kwa faida ya asiyeijua kazi hii. Katika ofseti, maandishi na picha huwekwa kwanza juu ya bati jembamba la alumini tunaloliita pleti. Kila rangi ina pleti yake, na kazi ya rangi kamili inataka pleti nne. Pleti hupokea wino, wino hupita kwenye blanketi ya mpira, na blanketi ndiyo inayogusa karatasi. Kabla ya karatasi ya kwanza nzuri kutoka, fundi amekwisha kufunga pleti, kusawazisha maji na wino, na kutupa karatasi kadhaa za kujaribia. Ukishafika hapo, mashine inakwenda kama maji ya mto, na karatasi ya elfu tano haikugharimu zaidi ya wino na umeme.

Mtambo wa dijitali hauna pleti. Kompyuta hupeleka kazi moja kwa moja. Ndani kuna dramu inayopewa chaji ya umeme, mwanga huchora picha juu yake, unga wa rangi uitwao tona hunasa penye picha, kisha unahamishiwa kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa moto mpaka ushike. Kanuni hii si ngeni. Mmarekani Chester Carlson alitoa nakala yake ya kwanza kwa njia hiyo huko New York tarehe 22 Oktoba 1938, na mashine zote za fotokopi ni wajukuu wa siku ile. Mitambo ya kuchapa rangi kamili kwa dijitali, kwa maana ya uchapaji wa biashara, ilijitokeza sokoni mwaka 1993, pale Indigo na Xeikon walipoonyesha ya kwao mwaka huo huo mmoja. Mwaka huo sisi hapa Mbeya tulikuwa bado tukipeleka kazi ya rangi Dar es Salaam ikatengenezewe filamu, na mteja wa kalenda alikuwa na adabu ya kusubiri.

Mteja wa leo hana adabu hiyo, na wala simlaumu. Anataka kadi za harusi mia mbili kesho kutwa, kwa rangi, na jina la kila mwalikwa likiwa limechapwa juu yake. Ofseti haiwezi kubadili jina kila karatasi. Dijitali inaweza, na haiongezi hata senti.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tarakimu nitakazotaja ni za mfano, nawe weka za duka lako. Tuseme kazi ya rangi kamili kwa ofseti inakula Sh. 100,000 za pleti, matayarisho na karatasi za kutupa kabla hujapata karatasi moja ya kumpa mteja. Baada ya hapo kila karatasi ni Sh. 60. Dijitali haina gharama ya kuanza, lakini kila karatasi ni Sh. 260. Karatasi yenyewe tuiache pembeni kwa kuwa mashine zote mbili zinaila sawasawa. Mteja akitaka nakala mia moja, ofseti inakugharimu Sh. 106,000 na dijitali Sh. 26,000. Akitaka elfu tano, ofseti ni Sh. 400,000 na dijitali ni Sh. 1,300,000. Zinakutana kwenye nakala 500. Chini ya hapo dijitali inashinda, juu ya hapo ofseti inashinda, na mtu akikwambia mashine moja imeifuta nyingine, jua hana duka.

Nilimwambia mpwa wangu aniletee daftari lake la kazi la mwaka mzima. Akashangaa. "Mjomba, mimi nakuuliza mashine, wewe unaniuliza daftari?" Lakini alilileta. Tulikaa nalo siku mbili mezani kwa mama yake, tukaandika kila kazi: ilikuwa nakala ngapi, rangi ngapi, mteja alikuwa nani, na je, alirudi. Katika kila kazi kumi, saba zilikuwa chini ya nakala mia tatu. Kwa hiyo kijana hakukosea kuwaza dijitali.

Daftari lilisema na mengine. Zamani mgongo wa duka kama lile ulikuwa vitabu vya risiti. Tangu mashine za kielektroniki za kodi zilipoanza mwaka 2010, kurasa za risiti zimezidi kuwa chache mwaka hadi mwaka. Kadi za michango ya harusi nazo zinahamia kwenye simu, mtu anatumiwa picha na namba ya kulipia, basi. Kilichopanda ni lebo. Akina mama wa siagi ya karanga, wa asali, wa mchele uliopakiwa kilo moja moja, wa mvinyo wa matunda, wote wanataka lebo mia mbili tatu zenye rangi, na mwezi ujao wanataka tarehe nyingine au uzito mwingine. Mifuko ya karatasi nayo ilipata nafasi baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Na mitihani ya shule haijafa, lakini hiyo ni kazi ya rangi nyeusi na ya wingi, na mashine aliyo nayo inaitosha. Ndiyo maana nilimkataza katakata kuiuza ofseti yake ili kuongezea malipo ya kwanza ya mtambo mpya.

Ikabaki kuchagua. Wauzaji wawili walikuwa wamemfikia. Wa kwanza alikuwa na mtambo mkubwa uliotumika Ulaya, wenye kasi ya kurasa mia kwa dakika za ukubwa wa A4, kwa bei ambayo kwa mtambo wa aina ile ni kama kuokota. Wa pili alikuwa na mtambo mpya wa wastani, kurasa sabini kwa dakika, pamoja na mkataba wa matengenezo ambao unalipa kwa kila karatasi inayopita, yaani kwa kliki. Mpwa wangu roho yake ilikuwa kwa ule mkubwa. Alinionyesha video ukifanya kazi, na kwa kweli unapendeza.

Nikamwambia tupige hesabu ya pili, ambayo muuzaji hawezi kukupigia. Benki itataka Sh. 2,500,000 kila mwezi. Ukifungua duka siku ishirini na tano, hiyo ni Sh. 100,000 kila siku kabla hujamlipa mfanyakazi, mwenye nyumba wala TANESCO. Mteja anakulipa Sh. 700 kwa karatasi ya A3 ya rangi. Toa karatasi Sh. 190, toa kliki Sh. 260, unabaki na Sh. 250. Ili kupata laki moja ya benki lazima upate karatasi 400 kila siku iendayo kwa Mungu.

Sasa angalia, ndugu msikilizaji. Karatasi 400 za A3 kwenye mtambo ule wa wastani ni kazi ya dakika kumi na mbili hivi kwa upande mmoja. Ukichapa pande zote mbili, tena kwa kadi nzito inayopita nusu ya mwendo, haifiki saa moja. Mtambo mkubwa utaokoa robo saa. Yaani duka la Iringa linatoa nyumba rehani ili lipate mashine ya kufanya kazi chini ya saa moja kwa siku, na mwenyewe anasumbuka usiku akifikiria kasi! Kasi ni ya mwenye foleni ya kazi mchana na usiku. Sisi wa huku tunachohitaji ni kwamba ile saa moja inapofika, mashine iwe hai.

Hapo ndipo penye uzito, na nitapakalia, kwa kuwa niliumia.

Mwaka 2014 nilinunua mtambo uliotumika kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Uliletwa Mbeya kwa lori, ukashushwa na vijana kumi na wawili, mke wangu akapika pilau. Wiki ya kwanza tu picha zikaanza kutoka na vidoa vyeupe vidogo vidogo kama chunyu. Fundi akaja kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, akabadilisha dramu. Vidoa vikabaki. Akarudi, akabadilisha nyingine, yote kwa fedha yangu. Fundi wa tatu, mzee mmoja mpole, hakubadilisha kitu. Aliingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, akatafuta sehemu ya mwinuko kutoka usawa wa bahari, akabadilisha tarakimu moja, na vidoa vikaondoka. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Iringa nayo imepita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi, na katika hewa nyepesi umeme wa chaji huruka mapema kuliko pwani, ukaacha vidoa. Watengenezaji wanalijua jambo hilo na wameliwekea sehemu yake. Waliokuwa hawalijui ni mafundi waliozoea Dar es Salaam, na bili ya kujifunza kwao nililipa mimi.

Wiki ya kumi na moja ulisimama kabisa. Kioo kikaandika namba ya kosa, na namba ile ilitaka kifaa ambacho hakikuwapo nchini. Tona nazo nilizoagiza kutoka nje zilikataliwa na mashine, kwa sababu zilikuwa na alama ya elektroniki ya soko la bara jingine. Nilikuwa nimepokea fedha za kanisa moja kwa ajili ya kitabu cha jubilei yao. Nilikwenda kuwaomba radhi mbele ya baraza la wazee, nikarudisha fedha, na kazi ikachapwa Dar es Salaam. Mtambo ule ulikaa miaka minne umefunikwa shuka. Wafanyakazi wangu wawili niliwaaga mwaka huo, na mmoja hatusalimiani vizuri mpaka leo.

Pembeni ya ule mtambo ilikuwepo Heidelberg GTO yangu, mashine ya ofseti ambayo umri wake unapita wa wanangu. Ikivunjika bushi, nakwenda kwa mchonga vyuma Mwanjelwa na kipande kilichovunjika mkononi, na jioni narudi na kipya. Tofauti hiyo ndiyo watu wengi hawaioni wanapohama kutoka ofseti kwenda dijitali. Ofseti unainunua. Dijitali, hata ukiilipia yote, nusu yake inabaki kwa aliyeitengeneza: namba za siri za ukarabati ni zake, tona ni zake, dramu ni zake. Unakuwa umeoa, na wakwe wako mbali.

Wazee wamisionari walilielewa jambo hili zamani. Wabenedikti walipoendesha uchapaji Peramiho na Ndanda, mbali na bandari yoyote, hawakuweka mtambo peke yake. Palikuwa na karakana jirani, na watu waliofundishwa kazi za vyuma na umeme papo hapo. Ndiyo maana vitabu vyao viliendelea kutoka hata barabara ilipokatika kwa mvua.

Sisemi mtambo wa mtumba ni mbaya wakati wote. Mwenye fundi wake ndani ya duka, aliyesomea chapa ile ile, na mwenye mashine ya pili ya kukatwa spea, kwake mtumba ni mali. Lakini mpwa wangu hana fundi. Ana namba ya simu ya fundi, na namba ya simu haibadilishi dramu.

Kuna jambo jingine lililobadilika ambalo wenzangu wengi hawajalitia kwenye hesabu. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, Dar es Salaam imesogea. Mteja wa Iringa anatuma kazi yake kwa simu saa tisa mchana, inachapwa Dar jioni, inafungwa kwenye boksi, na alfajiri anaipokea stendi. Mshindani wa mpwa wangu si yule jirani wa mtaa wa pili anayemchukia bure. Mshindani wake ni boksi lililo chini ya basi. Siku mashine yake ikizimika asubuhi, mteja hatasubiri fundi apande Kitonga nyuma ya malori. Atatuma kazi Dar, atagundua kwamba si vigumu, na hatarudi. Lakini basi hilo hilo linaweza kumletea mpwa wangu fundi na spea, kama mtu huko mwisho wa njia ana wajibu wa kumpandisha. Wajibu huo ndio unaonunuliwa katika mkataba wa kliki, na ndiyo sababu nilimshauri asisome bei peke yake.

Mikataba hiyo inataka macho. Tulipousoma wa muuzaji wa pili tuliona karatasi ya A3 inahesabiwa kliki mbili, wakati sisi tulikuwa tumeihesabu moja. Hilo peke yake lingeua hesabu yote niliyokupigia. Tulimrudia, akakubali kuandika moja, kwa bei ile ya Sh. 260. Tona na dramu zimo, lakini ile sehemu ya moto inayoyeyusha tona haikuwamo, na ni ya bei kubwa. Palikuwa na kiwango cha chini cha kliki kila mwezi, ambacho unalipa hata usipochapa. Nauli na malazi ya fundi hayakutajwa popote, na katika karatasi ya biashara kisichotajwa ni chako. Bei tuliandikiwa kwa shilingi, kwa kuwa tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei za humu ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Lakini kulikuwa na kifungu kinachomruhusu kuipandisha dola ikipanda. Tukamwomba aweke kikomo.

Kisha tulikwenda kuujaribu mtambo wenyewe. Nilimkataza mpwa wangu kuangalia sampuli za muuzaji. Sampuli ni bibi harusi, huwezi kujua asubuhi anaamkaje. Tulibeba karatasi zetu: ile kadi nene ya bei nafuu tunayotumia kila siku, karatasi ya kawaida ya mitihani, na stika za lebo kutoka duka lile lile tunakonunua. Nilitaka kuona stika hasa, kwa sababu gundi ya stika hafifu huyeyuka kwenye moto wa mashine na kuchafua ndani, na mkataba wowote utasema hilo ni kosa lako. Aina moja kati ya tatu ilitoka imejikunja na kunata pembeni. Tukaiandika, haitaingia mashine ile kamwe. Tulichapa pia bendera ya Taifa ikijaza karatasi nzima. Ina kijani, bluu, nyeusi na njano, mapana matupu yasiyo na picha ya kufichia, na kama mashine ina mabaka, bendera itakuambia. Mwisho tulichapa karatasi mia mbili pande zote mbili, tukazishika kuelekea dirishani kuona kama mbele na nyuma vinalingana hata kwenye karatasi ya mia mbili, na tukazikunja kuona kama tona inapasuka kwenye mkunjo. Ilipasuka kidogo kwenye kadi nene. Kadi za kukunja itabidi zipigwe mstari kwanza.

Tukiwa kwenye karatasi, niseme kidogo. Huku kwetu kuna misitu ya misonobari ya Sao Hill na kiwanda cha Mgololo, ambacho kazi yake hasa ni karatasi ya kaki ya vifungashio, ilhali kadi nyeupe inayong'aa tunaipata kutoka nje kupitia bandari. Inapofika Iringa mwezi wa Agosti, hewa kavu inaijaza umeme, karatasi zinang'ang'aniana na mbili zinaingia pamoja. Januari inavuta unyevu na kujikunja. Rimu ifunguliwe siku ya kazi, nyingine zibaki kwenye vifungashio vyake, ndani ya chumba cha mashine. Ni jambo dogo, lakini karatasi mbili zikiingia pamoja kila baada ya dakika tano, robo saa ile ya kasi imekwisha kuliwa.

Na umeme. Hali imepata nafuu tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, lakini mgao ukipungua, radi za Mbeya hazipungui, na umeme unaopanda na kushuka ni adui wa mtambo huu kuliko umeme unaokatika. Stebilaiza nzuri na betri ya kuiwezesha mashine kumaliza karatasi iliyo ndani na kuzimwa kwa utaratibu ziingie kwenye mkopo tangu mwanzo. Watu huziacha zije baadaye, na radi ya kwanza ya Novemba haisubiri baadaye.

Jambo la mwisho tulilofanya ndilo lililoamua. Kwa wiki tatu, mpwa wangu alijifanya ana mtambo tayari. Alipokea kazi zote za rangi zilizokuja, akanitumia mimi Mbeya. Mimi tangu mwaka 2019 nina mtambo mpya wa wastani wa chapa ile ile aliyokuja nayo muuzaji wa pili. Nilichapa, nikampelekea kwa basi, kilomita 330 hivi. Faida ilikuwa ndogo kwake na kwangu, lakini tulipata kile ambacho benki wala muuzaji hawakuwa nacho, yaani idadi ya kweli. Haikuwa karatasi 400 kwa siku. Ilikuwa 260.

Kijana alinyong'onyea. Lakini 260 si aibu, ni kipimo. Kwa Sh. 250 kila karatasi, ni Sh. 65,000 kwa siku. Kwa hiyo mkopo unaoweza kubebwa na kiwanda kile ni wa marejesho ya Sh. 1,500,000 kwa mwezi, ambayo ni Sh. 60,000 kwa siku, na nafasi iliyobaki ni nyembamba. Mtambo mpya wa wastani unaingia humo iwapo atatanguliza akiba yake ya vikundi na kuurefusha mkopo kwa mwaka mmoja. Ule mkubwa, kwa bei yake ya kuokota, nao ungeingia. Tofauti ni kwamba chapa ya ule wa wastani ipo kwangu, ipo kwa mwenzangu mmoja hapa Mbeya, na iko Makambako, na fundi wake aliyeidhinishwa anaishi hapa na familia yake, kwa kuwa mashine zimefika idadi ya kumweka. Ya nne itamweka vizuri zaidi. Na atakayesema kwamba navutia upande wangu hajakosea sana: tumekubaliana kununua dramu moja ya akiba kwa pamoja, ikae dukani kwangu, na anayeihitaji kwanza anaichukua.

Nilimpigia dada kumwambia. Akauliza, "Kwa hiyo hiyo mashine ni nzuri?" Nikamwambia mashine ni ya kawaida, fundi wake ndiye anakaa karibu. Akasema hilo angalau amelielewa.

Limebaki sharti moja. Tumemtaka muuzaji aandike katika mkataba kwamba fundi atakuwa mbele ya mashine ndani ya saa arobaini na nane tangu apigiwe simu, na kwamba kila siku inayozidi hapo anapunguza kiwango cha chini cha kliki za mwezi huo. Kwa mdomo amekubali. Kwa kalamu bado. Amesema mkurugenzi wake amesafiri. Mpaka ninapoyarekodi mazungumzo haya mkurugenzi hajarudi, na hati ya nyumba bado iko sandukuni, chini ya vitenge vya dada.